Kreti Kutoka Nakuru

Nyeusi, chungu kama kahawa iliyoungua:
hii ya mbavu, mafuta yakianza kudondokea makaa.
Ya asali nimemfichia shangazi Khalayi,
asiyekunywa kamwe, ila "kidogo tu, ya koo."
Ya pasheni, sijui. Labda kuku.
Labda nimetupa mia nne.

Muuzaji alinifundisha povu, shayiri,
harufu ya maganda ya chungwa;
nikaitikia kwa kichwa, sijanusa kitu.

Sasa uani Webuye, moshi machoni,
baba mdogo Wabomba anaionja nyeusi,
ananyamaza mpaka mbuzi ageuzwe upande wa pili.

"Hii ni busaa," anasema,
"busaa iliyopelekwa shule ya bweni."

Ananyoosha glasi tena.
"Na karo, alilipa nani?"

Mfukoni, risiti inanichoma paja.