Mbuzi ya Bure

Fundi Mbaruku aliposikia programu ni ya bure
alipuliza vumbi la mninga kwenye randa, akasema:
"Bure ni bure. Ungeilipia, ingekufundisha."
Nikanyamaza. Kwa lugha yetu neno ni hilo moja,
la kitu kisicholipiwa na la kitu kisichofaa,
na mimi bado sikujua nimepakua lipi.

Kompyuta niliinunua Kariakoo, mtumba,
kitufe cha sita kimeng'oka. Nikitaka sita
nabonyeza kwa ncha ya penseli ya seremala.
Usiku, karakana ya Keko ikishatulia,
nakalia mto wa sofa ambalo mteja hakulirudia,
nachora mbuzi.

Mbuzi ya kukunia nazi, msinicheke.
Goti la shangazi Sihaba limegoma kukunjika,
na mbuzi zote za sokoni
zimepimwa kwa magoti ya wasichana.

Mbuzi wa kwanza alielea hewani.
Wa pili, mguu ulipenya kiti
ukatokea juu kama mgeni asiyebisha hodi.
Programu haikunikemea. Iliandika tu, pembeni,
kwamba zimebaki nyuzi nne za uhuru.
Uhuru gani tena, saa saba usiku?
Kumbe mstari usiofungwa una uhuru wake:
kulala, kurefuka, kutoroka.
Nikaufunga. Huu na ule viwe sambamba.
Pembe hii iwe ya mraba.
Ncha hii ikae juu ya ncha ile, zisiachane.
Kila sharti likakata uzi mmoja,
na zilipokwisha zote
mchoro ukageuka kijani, mbichi kama kisamvu.

Ajabu. Programu huru,
na kazi iliyonipa ni kufunga.

Kisha, badala ya kuandika 430,
nikaandika neno: kimo.
Miguu nikaiambia, fuateni kimo.
Bawaba, fuata miguu. Kiti, msubiri bawaba.
Nikabadilisha namba moja
na mbuzi mzima akainuka, taratibu,
kama aliyeitwa.

Watu nisiowajua,
wasiojua Keko ni mtaa au ni ugonjwa,
walikesha ili mstari wangu ujue kunyooka,
wakaacha mlango wa jikoni wazi:
ingia, onja, ongeza chumvi, usifunge.

Siku ya tatu nilifuta ukingo mmoja tu, wa nyuma,
na kila kiungo kikasahau jina lake.
Orodha yote nyekundu. Bawaba imeshika hewa.
Msiba ambao ndugu hawajuani.
LUKU nayo ikaanza kulia, uniti mbili.
Nililala na viatu.
Bure, nikasikia sauti ya Mbaruku. Bure kabisa.

Asubuhi nikaanza upya,
na safari hii sikuning'iniza kitu
kwenye ukingo unaoweza kuondoka.

Mbaruku alikata mkongo kwa vipimo vyangu
akipima tena na tena, akitafuta kosa.
Ulimi wa chuma tuliung'oa kwenye mbuzi ya zamani.
Miguu ilipopishana ikakaa bila nyundo
alikuja akasimama nyuma yangu, akagusa kioo
kwa kidole chenye gundi:
"Hapo kwenye unene. Hebu punguza mbili, nione."

Alama ya kidole ipo mpaka leo.

Shangazi alikaa. Alikuna nazi mbili,
tui la wali na la samaki,
akanyanyuka bila kushika ukuta.
Halafu akainamisha kichwa, jicho moja kafumba:
"Imelala kidogo kushoto."

Nikapima. Mbuzi imenyooka.
Ni sakafu ya Mtoni,
niliyosahau kuiandikia namba.