Wingu la Mezani, Oruro

Wara ana miaka kumi na mmoja
na leo anataka wingu.
La angani halimtoshi, lipo tu, bure, juu ya bati la jirani.
Analitaka ndani ya chupa,
alifungue na kulifunga kama duka.

Kaja na mtungi wa kioo, wa achari ya mama yake.
Nikautwaa, nikaurudisha kabatini bila neno.
Kisha nikamwonyesha kidole hiki, nusu kidole;
nusu nyingine iko karakana ya mgodi
tangu siku kompresa ya Severo ilipochoka kuvumilia.
Ufa wake tuliuziba kwa gundi na mzaha.

"Lete ya plastiki, ya soda,
mpya, isiyo na mkwaruzo."

Huku kwetu juu hewa ni nyepesi
kama supu ya mwisho wa mwezi.
Pakiti ya krispi ikipanda na basi kutoka Cochabamba
hufika imevimba mashavu.
Maharage hayaivi ila kwa presha kuka,
na mluzi wake twaujua kuliko kengele ya kanisa.
Mwanangu amekulia ndani ya mluzi huo.
Ndiyo maana hauogopi.

Kwanza maji, nikasema. Tukaijaza mpaka mdomoni,
kizibo cha mpira, vali ya baiskeli, mpira mrefu wa pampu,
geji niliyoiazima kazini.
"Lakini mimi nataka hewa!"
Maji hayana kinyongo, Wara.
Chupa ikishindwa, yatalowesha soksi, basi.
Hewa huweka. Kila ulichoitenda inakiandika,
na siku ya kulipa hulipa kwa mkupuo.

Tukapandisha mpaka tatu. Kizibo kikatema mate pembeni.
Tukakifuta, tukakikaza upya, tukarudia.
Kikashika.

Sasa hewa. Kijiko cha maji, moshi wa njiti moja,
miwani yangu ya kuchomelea imefungwa kisogoni pake kwa utepe,
chupa ndani ya ndoo, sisi nyuma ya mlango wa mbao.
Geji ikagusa moja. Nikamshika mkono.
"Si ilihimili tatu?"
Tatu tuliijaribu ili tuishi kwenye moja.
"Baba, wewe mwoga."
Kwa mwoga huenda kicheko, nikasema,
na kile cha shujaa Severo nikakimeza.

Akaachia vali.
Pssss,
na chupa ikawa nyeupe, ghafla,
kama mtu aliyekumbuka jambo.

Geji ilipolala kwenye sifuri tu ndipo nilipofungua mlango.
Akaikumbatia. Hakusema kitu.
Nikajikuta navihesabu vidole vyake kupitia ukungu:
tisa.
Nikahesabu tena. Gumba lilikuwa nyuma ya chupa.

"Kesho," akasema, "nataka linyeshe."