Dirisha Namba Nne

Jina lako? Toktosun.
Mkalimani, msichana mwenye kucha za zambarau,
anatabasamu kabla ya kutafsiri.
Kwa Kikirgizi maana yake: na asimame.
Walinitangulia wawili, kaka na dada,
hakuna aliyeona theluji mara mbili.
Nilipozaliwa wakaniita hivyo
ili kifo nacho kipige breki.
Kazi? Dereva.
Alipoelezwa, hata afisa aliinua macho.

Nimekuja Almaty na bahasha nene kama tofali.
Leseni. Cheti cha mafunzo:
mimi niliyevuka Taldyk miaka kumi na tisa
na tani ishirini za makaa mgongoni,
minyororo kwenye matairi, dua kwenye meno,
nikafundishwa na kijana asiye na ndevu
namna ya kusubiri kwenye pundamilia.
Sikubisha. Niliandika daftarini: simama.
Kadi ya takografu, itakayohesabu usingizi wangu.
Barua ya kampuni ya Klaipeda, mhuri wa buluu.
Taarifa ya benki: pesa za shemeji Kubat,
zimelala kwangu wiki mbili bila kuvua viatu,
keshokutwa zinarudi kwao.
Na wakala Sagyn, ambaye hamo kwenye bahasha
ingawa ndiye aliyekula kuliko wote:
dola mia nane, kisha kondoo, kisha kondoo mwingine.
Mkono mtupu haulambwi;
wangu ulilambwa hadi mfupa.

Afisa si mbaya. Ana mafua.
Anauliza kama anayesoma bei dukani:
Utarudi? Nini kitakurudisha?
Nampa hati ya nyumba, cheti cha ndoa,
vyeti vya watoto watatu. Anavipanga kama karata.
Kingine?

Kingine kipo, ila hakina mhuri.
Juzi alfajiri mama alinizuia mlangoni
na mkate wa tanuri mikononi, wenye moto bado.
Mama, nikasema, naenda kuhojiwa tu.
Akasema: Ng'ata.
Nikang'ata mara moja.
Uliobaki akaufunga kitambaani, akautundika msumarini
juu ya jiko, pasipofika panya wala wajukuu.
Ndivyo tumfanyiavyo aendaye jeshini, aendaye mbali:
mkate ulioanzwa humwita mwenye meno yake.
Mama haamini ahadi ya mtu. Anauamini mkate.

Fomu ina visanduku thelathini na saba,
hakuna cha mkate.
Nikasema: Nina mama.
Mkalimani akatafsiri, akaendelea kutafsiri,
kucha zikigonga meza,
maneno mengi kuliko niliyompa.
Sijui aliongeza nini.
Afisa akapenga kamasi, akanipa risiti.

Siku ishirini na sita
nilioga simu ikiwa kwenye ukingo wa beseni.
Duishen, tuliyefanya naye mtihani,
anayerudisha tela kinyumenyume
kama mtu anayeingiza uzi kwenye sindano,
alipata karatasi ya mstari mmoja.
Hana mke, hana nyumba. Hatukuambiwa darasani
kwamba hizo nazo ni gia.

Yangu ikaja: bandiko la kijani, picha bila kofia,
uso wa mtu aliyekamatwa.
Mwaka mmoja.
Nikamwonyesha mama. Herufi za huko hazisomi;
akapitisha kidole pembeni mwa bandiko
kana kwamba anatafuta pa kulibandulia.
Kisha akautazama msumari.
Mwaka, akasema. Utakuwa jiwe.
Nitaulowesha kwenye chai, mama.
Na chai atakuchemshia nani?

Bahasha nzima ilikuwa mezani.
Hakukuwa na karatasi ya kujibu hilo.
Nje, jirani aliyenunua Kamaz yangu
alikuwa akiiwasha.
Ikakataa. Ikakataa.
Nilijua pa kuigonga. Nilivaa viatu.