Kasi ya Arobaini na Tano

Fundi Wakhungu alikuwa amekifunika kikombe chake cha chai
kwa santuri, nzi wasiingie.
Hivyo ndivyo nilivyomkuta:
duara la mvuke juu ya mifereji myeusi,
sukari imeganda ukingoni,
na katikati, kwenye karatasi nyekundu, RAEL M.,
herufi moja na nukta,
kama mtu aliyekatiwa simu.
Chini yake, kwa wino mnono: Mtunzi, S. Kilonzi.

Nilikuwa nimepeleka redio ya marehemu baba,
River Road, ghorofa ya pili,
ngazi zinazonuka risasi iliyoyeyushwa na mandazi.
"Hiyo? Chukua tu. Nitafunika na gazeti."

Usiku nikaiosha kwa maji vuguvugu.
Kwanza mikwaruzo,
kama mtu anayekaanga omena chumba cha pili.
Kisha gitaa, na si lile la kubembeleza:
hili lilikuwa na kutu, liliuma,
lilipanda ukuta bila ngazi.
Kisha yeye:

     "Umeme umekatika Shauri Moyo,
     nimebaki na nyuzi sita
     na giza la kutosha kuanzia."

Mwaka wa sabini na tatu.
Niliambiwa roki ya enzi ile ilikuwa ya wavulana
wenye afro na suruali za bugaluu,
na wasichana walisimama nyuma wakiitikia aa-aa.
Hakuna aliyeniambia kwamba mmoja wao
ndiye aliyeupinda uzi wa tatu
hadi ukakiri.

Nikauliza. Kuuliza kulikula miezi minne.
Mpiga ngoma, siku hizi anauza fremu za miwani.
Mjane wa Kilonzi, aliyefunga mlango kwa adabu.
Karani mstaafu aliyekumbuka
"msichana wa switchibodi, pale Posta,
alikuwa akiimba kati ya simu na simu."

Makongeni, safu ya mwisho, karibu na reli.
Bi Rael Mbeneka alikuwa anachambua ndengu.
Hakuacha.
"Kilonzi ndiye aliyekuwa na kalamu siku ile," alisema.
"Mimi nilikuwa na zamu saa nane."
Akapeperusha makapi.

Nilikuwa nimebeba kinanda cha santuri, kile cha betri.
Nikakiweka juu ya stuli
kama mganga anayefungua mkoba wake.
Nilitaka alie, nasema kweli;
nilikuwa nimekuja na kitambaa.

Alisikiliza ubeti mmoja, uso umekunjana.
"Huyu si mimi."

Nikaitazama karatasi nyekundu. Nikazitazama ndengu.
Nikavitazama viatu vyangu.

"Waliikimbiza. Bwana wa studio alisema
nina sauti ya mama wa watoto sita,
nani atanunua? Wakaongeza kasi.
Nikatoka kitoto."

Akafuta kidole kwenye aproni,
akakigusisha ukingo wa santuri, polepole,
kama anayepima pasi kama imepata moto.
Santuri ikasita.
Sauti ikaanza kushuka, ghorofa kwa ghorofa,
ikampita yule msichana kwenye ngazi bila kumwamkia,
ikafika chini kabisa, kwenye sakafu ya saruji,
baridi, pana,
mahali mtu anaweza kuweka kiti na kukaa.
Gitaa nalo likawa behewa la mizigo.
Vikombe kabatini vikaitikia.

"Huyu sasa," alisema.
Hakuwa ananiambia mimi.

Tulikaa hivyo, kidole chake kikiuzuia mwaka ule
usituponyoke, yeye akitikisa kichwa
pale ambapo besi ilichelewa,
akisonya, miaka hamsini baadaye,
kwa kosa la mtu ambaye huenda ameshazikwa.

Mtoto wa jirani akabisha, ametumwa chumvi.
Akainua kidole.
Sauti ikaruka juu, ikakimbia tena,
msichana wa miaka kumi na tisa
anayewahi zamu.