Ifike Januari

Fundi Mbwambo alijilaza chini ya kirikuu, kule Pasua,
akatoka na grisi kwenye nyusi.
Hakusema imekufa. Alisema, "Imebaki nyembamba,
kama sabuni ya mwisho wa mwezi.
Ukiinawia kwa adabu, itakufikisha."
Klachi pleti, presha, beringi: laki tatu na themanini,
ufundi mbali.
Mimi nina trei arobaini za mayai
na ada ya Ndeshi, kidato cha tatu.

Basi nikaanza kuuchunga mguu wangu wa kushoto.

Mguu huu unapenda starehe. Miaka kumi na moja
umelala juu ya pedeli kama paka juu ya gunia,
haukanyagi, haubanduki, umejiegesha tu,
kumbe kujiegesha huko ndiko kulikokuwa kunakula.
Siku hizi ukimaliza kazi naurudisha sakafuni,
kwenye kipande cha zulia nilichokikata makusudi.
Kaa hapo. Ukiitwa, njoo.

Foleni ya kipilefti, Mnara wa Saa:
natoa gia, nyutro, mguu kwenye zulia.
Kijana wa bodaboda ananichungulia dirishani:
"Mama, limezima?"
Halijazima, mwanangu. Linapumua.

Kuondoka ni kwa namba moja, hata kama hakuna mzigo.
Na kuachia, hapo ndipo penye ustaarabu:
si ghafla kama anayetupa kuni,
si polepole kama anayemuaga mgonjwa.
Mafuta kidogo, mguu unapanda, inashika, basi.
Umeshaaga. Ondoka.

Mayai hushuka, pumba hupanda.
Kushuka kutoka Kibosho gia ya pili inashikilia
na breki inamalizia.
Pedi za breki ni elfu thelathini;
sitaitumia laki nne kuiokoa elfu thelathini,
mimi si serikali.
Kupanda ndiko kwenye kesi.

Tarehe ishirini na tatu Desemba,
mlima unawaita watu wake wote kwa siku moja.
Magari ya Dar yamejaa barabara hadi kwenye migomba,
watoto wa mjini wanauliza choo kiko wapi,
na mimi nina magunia matano ya pumba nyuma,
nimezoea kubeba manane.
Foleni inasogea hatua mbili, inasimama. Hatua mbili, inasimama.
Zamani ningeining'iniza gari pale mlimani kwa klachi,
inatetemeka, haiendi wala hairudi,
nikajiona dereva hodari.
Sasa navuta hendibreki. Iliwekwa ya nini, pambo?
Naacha nafasi mbele, nafasi ya kutosha trekta,
nasubiri iwe safari ndipo niondoke.
Honi nyuma. Honi tena. Prado moja ikanipita,
ikaijaza nafasi yangu, ikasimama humo humo.
Karibu nyumbani.

Kisha ikaja ile harufu:
kamba ya katani, na nywele zilizoguswa na moto.
Moyo ukaruka. Ni yangu?
Nikanusa dirisha la kulia, nikanusa la kushoto,
nikainamia pedeli kama anayesikiliza mtoto akilala.
Haikuwa yangu. Kanta mbele, kreti za bia hadi juu,
harusi ya Umbwe, inafuka moshi chini ya tumbo.
Dereva ameshuka, ameweka jiwe kwenye tairi,
mikono kiunoni.
Nilimwonea huruma. Sitasema nilifurahi.
Nilifurahi kidogo.

Nimeegesha pua ikitazama bondeni.
Ndeshi kauliza, "Niliwashe kesho, mama, nilizungushe tu hapa uani?"
Nikasema Januari.
Kwenye kopo la chumvi kuna laki mbili na sitini na tano,
na pedeli inashika juu sana sasa, karibu na mwisho wake.

Usiku goti la kushoto linavuma.
Nimelipandisha juu ya mto, lisifanye kazi isiyo yake.
Fundi wa hili yuko KCMC.
Bei sijamuuliza.