Majaribio ya Siku Saba

Ondieki wa Luthuli ananiuzia programu ndani ya flashi,
mia mbili: "Kufuli imevunjwa, usiulize."
Nyingine yataka kodi kila mwezi
kama landilodi wangu wa Umoja.
Ya tatu ni bure, siku saba,
na leo ni ya sita.

Nafungua picha ya Kwamboka, mchomeleaji wa Kamukunji.
Kabla sijagusa kitu
imeshamlainisha mashavu, imefuta
alama ya cheche juu ya nyusi.

Alipoiona alicheka. "Huyu dada ni nani?
Mwambie anirudishie kovu langu,
nililipata kazini."

Basi nimerudia ile iliyokuja na kompyuta ya mitumba,
isiyojua urembo,
yenye vitufe viwili: mwanga, kivuli.

Nikaongeza kivuli kidogo.
Kovu likang'aa.