Pambizoni

Umeniuliza, Mwantumu, ninasoma nini siku hizi.
Swali la mtu aliyekwisha kutoa pole. Nimelipenda.
Wenzio wote huuliza nimekula nini.

Nina viwili. Kimoja cha mchana, kimoja cha usiku.

Cha mchana ni cha marehemu, kile cheusi
alichokifunga kwa kipande cha tyubu,
chenye milango ya udhu, ya ndoa, ya mirathi, ya madeni.
Hukaa nacho ukumbini baada ya adhuhuri,
na wapitao Barabara ya Kumi na Tano
husikia sauti, wakasema: anamsomea mumewe.
Waache waseme.
Wewe unakijua chuo tulichosoma,
alifu kwa kiboko, be kwa kiboko,
tukahitimu, tukapikiwa pilau,
na maana hatukupewa hata moja.
Miaka hamsini na mbili nabisha mlango huo kwa adabu,
sijaambiwa karibu.

Cha usiku ni riwaya ya Eliwaza,
mpangaji wetu wa uani, mwalimu mstaafu, mtu wa Magila.
Jalada hakina, jina hakina, kinaanzia ukurasa wa tisa:
mwanamke anauza duka la mumewe, kitu kimoja kimoja,
na hatuambiwi kwa nini.
Nakisoma chandaruani kwa taa ya simu,
kwa aibu kidogo, maana mjane aliye edani
hatarajiwi kucheka saa sita za usiku,
nami nimecheka. Kuna karani mmoja humo, Mwantumu,
ni shemeji yako mtupu, mpaka kikohozi.

Asubuhi Eliwaza hupita na ndoo, akauliza dirishani,
"Umefika wapi?"
"Ameshauza mizani."
"Aa, bado."
Nami humwuliza vyake. Ni Kwaresima,
anasoma habari za mama mkwe na mkaza mwana,
wajane wote wawili, wanarudi kwao mikono mitupu.
"Walipata?"
"Walipata. Ila kwanza waliokota masazo."
Kisha huenda zake bombani,
nikabaki na hayo masazo mpaka alasiri.

Sasa sikiliza. Jumanne nilikuwa mlango wa madeni.
Pambizoni pana mwandiko wake, wa penseli,
herufi zilezile za chuoni.
Nikazisoma kama nisomavyo, kwa sauti, kwa mahadhi,
kinywa changu kikatamka:
Fundi Sechonge. Tairi la nyuma. Elfu nane. Bado.

Nikanyamaza.
Nikarudia kwa kidole.
Fundi Sechonge. Tairi la nyuma.
Kumbe zilijua Kiswahili!
Zilikuwa na baiskeli ndani yake.

Nililia hapo. Siku ya mazishi sikulia hivyo.

Nimemtuma Nasoro na elfu nane.
Karudi na elfu nne: fundi kasema nusu amesamehe,
nusu amepokea, kwani marehemu hakupenda kusamehewa.
Na kasema, mwambie mama,
hicho kitabu chenye jina langu, siku moja nikione.

Riwaya nayo imekatika mwisho.
Mwanamke yu mlangoni, ufunguo mkononi, basi.
Eliwaza anadai aliwahi kukisoma chote,
lakini kila nikimwuliza hunipa mwisho mwingine.
Juzi alimwoza. Jana kampeleka Mombasa.

Zimebaki siku thelathini na tatu.
Napekua pambizo tu sasa, mlango kwa mlango.
Kwenye udhu kaandika bei ya sabuni.
Kwenye mirathi, hesabu ya minazi isiyo yetu.
Kwenye ndoa kaandika jina langu,
na mbele yake neno moja fupi:
dali, ye, nuni.
Nawe wajua hati ile haitengi e na i.
Laweza kuwa deni.
Laweza kuwa dini.
Nimeligeuzia dirisha, nimeligeuzia taa.

Ukija, njoo na miwani yako.